Chakula cha Mbele za Watu

Kuku ndio waliomwambia Hulda kwamba mwanawe hali chakula.

Ilikuwa asubuhi ya nne tangu Kefa arudi likizo kutoka chuo kikuu huko Uganda. Hulda alikuwa akifagia nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la chumba cha kijana, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, alipoona kuku wakigombea kitu. Akawafukuza kwa fagio, akainama. Lilikuwa tonge la ugali. Akaona jingine, limefukiwa nusu kwenye udongo laini chini ya dirisha, na pembeni yake paja la kuku ambalo halikuumwa hata mara moja. Paja lile alilijua. Jana jioni alilichagua mwenyewe chunguni, akampita nalo mumewe, akamwekea mtoto.

Alisimama na paja mkononi, asijue alifanye nini. Hakuwa mwanamke wa kulia ovyo. Alichimba shimo kwa kisigino, akalifukia vizuri zaidi kuliko alivyolifukia Kefa, akaweka jiwe juu. Kisha akaingia jikoni, akachukua kile chungu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango na kukitazama ndani, pembeni, hata chini. Kilikuwa safi. Akakisugua tena kwa mchanga.

Kefa alipoamka, alimletea uji na viazi vya kuchemsha.

"Ahsante, mama. Nitakula baadaye kidogo."

"Uji ukipoa unaganda."

"Nitakula, mama."

Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na mitatu. Shati lake jeupe lilikuwa la gharama, lakini kola ilimzunguka shingo kama kamba iliyolegea. Mwaka jana shati lile lile lilikuwa linamkaa sawa. Hulda aliona, akameza neno. Mume wake, Yoeli, alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyejulikana kuanzia Makambako hadi karibu na Njombe kwa sauti yake na kwa mwanawe. Katika mwaka ule wa hamsini na nane usharika wao ulikuwa na mtoto mmoja tu aliyefika chuo kikuu, na Yoeli hakuacha Jumapili ipite bila kuwakumbusha watu. "Mwanangu hajaugua hata siku moja huko," aliwaambia. "Anakula mezani kama Gavana."

Nani angemwambia mtu kama huyo kwamba chakula cha Gavana kinaliwa na kuku?

Jumamosi ikafanyika sherehe ya kumkaribisha. Walikuja wazee wa kanisa, walikuja majirani, na akaja Nahumu, kaka yake Yoeli, akisukuma baiskeli na kuongoza beberu kwa kamba. Nahumu hakuwa na mtoto wa kiume. Kefa alipofaulu kwenda sekondari, Nahumu ndiye aliyesema, "Huyu ni wetu sote," akauza ng'ombe wake wawili bila kuombwa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwataja ng'ombe wale. Alichotaka ni kumwona tu kijana kila likizo na kula naye sahani moja.

Beberu alichinjwa. Wanaume waliketi uani kwenye mikeka na vigoda, wanawake wakawa upande wa jikoni. Nahumu alichukua ini lililochomwa juu ya makaa, akalikata vipande kwa kisu chake, akakiinua cha kwanza.

"Kefa, mwanangu. Shika hiki. Cha kwanza ni chako."

Kefa alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Alishukuru. Akakileta mdomoni. Hulda, aliyekuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha togwa, aliona taya likitafuna, na alitaka kufurahi, lakini aliona pia mkono wa kushoto ukiingia mfukoni na kutoka na leso. Kefa alijifuta mdomo. Leso ikarudi mfukoni, imenona.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu mafuta yalikuwa yamepenya kwenye suruali, doa kubwa la mviringo pajani, na Nahumu alikuwa akilitazama.

Hakupaza sauti. Aliweka kisu chini, akanawa mikono polepole, akajifuta kwenye koti lake.

"Yoeli," alisema, "mimi naondoka. Jua linakwenda."

"Kaka, hata nyama haijaiva!"

"Nimeshiba." Akamgeukia Kefa. "Kama mkono wangu unakutia kinyaa, ungesema tu. Ningekupa kwa uma."

Nahumu akashika baiskeli yake, akatoka nayo bila kuipanda, akisukuma mpaka alipopotea nyuma ya miti ya miwati. Wageni nao walianza kukumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine, na nyama ya beberu ikabaki ikitokota pasipo mlaji.

Yoeli aliongea na mwanawe mbele ya mama yake, amesimama, fimbo mkononi ingawa hakuwa na nia ya kuitumia.

"Umejifunza nini huko? Niambie. Umejifunza kumtapika baba yako mkubwa?"

"Baba, samahani."

"Samahani ya nini? Sema, ya nini?"

"Sikuwa na njaa, baba."

"Njaa!" Yoeli alicheka kwa uchungu. "Watu hawali ini kwa sababu ya njaa. Wanakula kwa sababu wamepewa."

*

Jumanne Hulda alikwenda mtoni kuchota maji, akamkuta Fidelia, jirani yake, anafua. Fidelia alikuwa na tabia ya kusema jambo huku akitazama pembeni, kana kwamba analiambia jiwe.

"Mama Kefa, hongera. Umepumzishwa kupika."

"Nimepumzishwa na nani?"

"Sisi tulikuwa Makambako jana na mume wangu. Tumemwona msomi kwa Teodora, kwenye ile hoteli ya madereva. Amekaa, anahudumiwa. Teodora anasema ni mteja wa kila siku." Akakamua nguo. "Labda chakula cha dukani ndicho wanachokizoea huko."

Hulda alijitwika ndoo. Maji yalimmwagikia begani njia nzima na hakuyasikia. Kila asubuhi Kefa alikuwa akiaga kwamba anakwenda kutembea, anyooshe miguu, asome kitabu chini ya miti. Kumbe mwendo wa saa nzima, kwenda kula kwa mwanamke mwingine!

Kesho yake alisubiri Kefa aage, naye akajifunga kitenge, akashika njia ya mkato ya shambani ili amtangulie. Alijiambia kwamba hatapiga kelele. Atakaa tu kwenye benchi la Teodora, mwanawe aingie, amwone. Hilo litatosha.

Makambako ilikuwa mahali penye upepo, barabara zilipogawanyika, moja ikishuka Njombe na Songea, moja ikielekea Mbeya, moja ikirudi Iringa. Kulikuwa na maduka machache ya Wahindi, pampu ya petroli, na hoteli ya Teodora, ambayo ilikuwa kibanda cha mabati chenye meza mbili ndefu na moshi mwingi. Teodora alikuwa mjane wa kutoka upande wa misheni ya Wakatoliki, mnene, mwenye mikono iliyojaa makovu ya mafuta ya maandazi.

"Kamwene, mama," alisema. "Karibu. Chai?"

"Kamwene. Sitaki chai. Mimi ni mama yake Kefa."

Teodora aliacha kufuta meza. Hulda alikuwa amejiandaa kwa kicheko au kwa dharau, lakini mwanamke yule alivuta benchi, akaketi mbele yake, akashusha sauti.

"Nilikuwa nasali uje."

"Nije nione unavyomlisha mwanangu vizuri kuliko mimi?"

"Mama, simlishi kitu. Anakunywa maziwa. Kikombe kimoja cha maziwa ya moto na kipande cha mkate, anaulowesha humo mpaka uwe kama uji wa mtoto, ndipo anaumeza. Halafu anakaa pale kwenye kona na kitabu. Baada ya saa mbili anaomba kikombe kingine. Madereva wanamcheka, wanamwita 'ndama'. Yeye anatabasamu tu. Wiki iliyopita alijikunja pale, ameshika hapa," akagusa chini ya kifua chake, "jasho linamtoka na baridi yote hii. Nikamwambia, baba, mama yako anajua? Akaniapisha nisiseme."

Hulda aliitazama kona ile. Palikuwa na kigoda na ukuta uliochakaa kwa migongo ya watu. Hasira aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa tena na mahali pa kwenda.

Kefa aliingia akiwa ameinamisha kichwa kukwepa bati la mlango. Alipomwona mama yake, alisimama pale pale. Kisha akaja, akaketi kando yake, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Teodora aliweka kikombe cha maziwa mezani, akatoka nje, akawazuia madereva wawili waliotaka kuingia.

"Kunywa," alisema Hulda.

Alikunywa. Hulda alimtazama akimeza, funda moja moja, macho yamefumbwa.

"Sasa niambie."

"Ni vidonda vya tumbo, mama. Daktari wa kule alinipiga picha. Akanipa karatasi. Maziwa, mkate, mayai ya kuchemsha, kidogo kidogo, kila saa mbili. Nisiguse maharage, wala pilipili, wala nyama ya kuchoma, wala ugali wa ulezi."

"Chakula cha huko ndicho kilichokuumiza?"

"Hapana. Chakula kipo tele. Wenzangu wananenepa, mama, mwaka wa kwanza tu suruali hazifungi. Wanakula ndizi, nyama, mkate wa siagi, na wengine wanatia mikate mfukoni wakale chumbani. Ni mimi." Alizungusha kikombe. "Siku ya kwanza tuliketi kwenye meza ndefu, kila mtu na uma na kisu chake. Mimi sikuwahi kushika uma. Waliniletea njegere. Nikazichoma, zikakimbia. Nikachoma tena kwa nguvu, moja ikaruka, ikampiga kijana wa mbele yangu hapa kwenye miwani. Meza nzima ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini mimi nilinyanyuka, sikurudi jioni ile. Kesho yake nikasema nitakwenda watu wakishamaliza. Wakishamaliza, chakula nacho kimekwisha."

"Miaka miwili?"

"Nilizoea. Ikawa ni faida, nikajiambia. Wenzangu wakienda kula, mimi napata kiti kizuri maktaba. Nilikunywa chai kavu na kutafuna karanga mpaka usiku. Ukifika mtihani kuna wengi wanaofanya hivyo, wanashindana nani atakaa bila kulala, nani atakaa bila kula. Mimi niliwashinda wote." Alijaribu kucheka. "Nilikuwa wa pili darasani, mama."

Hulda alikuwa akifikiria njegere. Mbegu alizopanda kwa mikono yake kila mwaka, akazivuna, akazimenya, akamlisha kwa kiganja alipokuwa hana meno.

"Kwa nini hukutuambia sisi?"

"Baba amewaambia watu wote kwamba sijaugua hata siku moja. Akijua, atanizuia nisirudi. Umebaki mwaka mmoja. Mama, nakuomba. Mwaka mmoja tu."

*

Hulda alikubali, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe upesi.

Alikubali kwa sharti kwamba Kefa asiende tena Makambako. Kuanzia siku hiyo alimpashia maziwa jikoni, akamchemshia mayai, akayapeleka chumbani yamefunikwa kwa kanga kama vitu vya kuibwa. Yoeli alipokuwa nyumbani, kijana aliketi naye mezani, akagusagusa ugali, na mama yake alikuwa mwepesi wa kuondoa sahani. Kwa siku kumi mambo yalikwenda. Shingo ya Kefa ilianza kuijaza kola kidogo.

"Mama Kefa," Yoeli aliuliza asubuhi moja, ameshika chupa ambayo kila Ijumaa walimpelekea mchungaji, "maziwa yamekuwa nusu?"

"Ndama amenyonya. Alikata kamba."

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa lilikuwa neno lake la kwanza la uongo kwa mume wake, na lilitoka laini, bila kukwaruza koo. Yoeli alitikisa kichwa na kutoka kwenda kukaza kamba ya ndama, ambayo haikuwa na kasoro. Hulda alimwona kutoka jikoni, amechuchumaa, anaikagua kamba nzima kwa vidole, na aliona aibu.

Jioni ile Yoeli alikuja na habari njema. Alikuwa amekwenda kwa Nahumu, amebembeleza, na kaka yake amekubali. Jumapili baada ya ibada wangekwenda wote kwake. Wazee wawili waliokuwapo siku ya beberu wangekuwapo tena, na Kefa angekula na baba yake mkubwa sahani moja, hadharani, mambo yaishe.

"Na safari hii," Yoeli alimwambia Kefa, "nitaikagua mwenyewe mifuko yako kabla hujaketi."

Alisema kwa utani. Alikuwa na furaha sana.

Hulda alimfuata mwanawe nyuma ya nyumba. "Tumwambie leo."

"Nitakula, mama. Mara moja haiwezi kunidhuru. Nimepata nafuu, huoni? Nitakula kidogo, nitatafuna sana. Jumanne ijayo nasafiri. Usinivunjie kitu kilichobaki."

*

Nyumba ya Nahumu ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa. Mkewe, Emilia, alikuwa amejitahidi. Kulikuwa na ugali wa ulezi, mweusi na mzito, maharage, na nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa pilipili za shambani. Hulda alinusa pilipili tangu mlangoni.

"Emilia, ndugu yangu," alinong'ona jikoni, "una maziwa kidogo? Nimpe Kefa kabla."

Emilia alinyoosha mgongo. "Maziwa? Kwani bado hajaota meno? Au na mimi jiko langu ni chafu?"

"Sivyo."

"Basi mwache kijana ale."

Wanaume watano walizunguka sinia moja sebuleni. Nahumu alivaa koti lake la kanisani. Alimega, akachovya, akala, akasubiri. Kefa naye alimega. Hulda aliketi sakafuni karibu na mlango wa jikoni pamoja na Emilia, mahali ambapo wanawake huketi, akayahesabu matonge. La kwanza. La pili. Nahumu alimsukumia mnofu kwa vidole, na Kefa aliutia mdomoni, akautafuna, akaumeza, akaonyesha mikono yake miwili mitupu kwa mzaha. Wazee wakacheka. Yoeli alicheka kuliko wote, na machozi yalimlenga.

"Ndiye huyu sasa!" alisema Nahumu. "Ndiye mwanangu!"

Tonge la tatu. La nne. Kefa alikuwa anatabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na jasho lilianza juu ya mdomo, halafu kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto ulikuwa umejificha chini ya koti, umekandamiza tumbo. Tonge la tano lilikwenda kwenye mchuzi, likatoka jekundu, likaanza kupanda.

Hulda hakujua kwamba amesimama. Alijikuta katikati ya wanaume, miguu yake peku kando ya sinia, na mkono wa mwanawe ameukamata kwenye kifundo.

"Acha."

Mchuzi ulidondoka mkekani. Kisha Yoeli, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia, akasema:

"Mama Kefa, umerukwa na akili?"

"Mwanao ni mgonjwa. Ana vidonda tumboni. Chakula hiki ni sumu kwake, na siyo kwa sababu ya mikono ya mtu. Alikuwa anakificha kwa sababu hawezi. Mimi nimejua wiki mbili nzima, nikakudanganya. Ndama hakunyonya maziwa. Nilimpa yeye."

Wazee waliangalia sinia. Yoeli alimtazama mkewe, halafu mwanawe, usoni mwake kukiwa na kitu kama cha mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba," alisema Kefa. Akajaribu kusimama, akashika ukuta, akafika mlangoni. Walimsikia akitapika uani. Emilia ndiye aliyepiga yowe, maana alikuwa wa kwanza kuona rangi ya kile kilichotoka. Kilikuwa cheusi kama unga wa kahawa, kisha kikawa chekundu.

Yoeli hakuweza kuinuka. Mzee yule mwenye sauti kubwa alibaki mkekani, mikono imejaa ugali. Aliyetoka mbio ni Nahumu. Alimbeba Kefa kifuani, akamkalisha juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga hapo kwa kitenge cha Emilia kama afungwavyo mtoto mchanga, akaanza kusukuma kupanda kilima kuelekea Makambako. Hulda alikimbia upande mmoja ameshika kichwa cha mwanawe. Yoeli aliwafikia njiani, anahema, bila viatu.

"Kwa nini hukusema?" Nahumu alikuwa akirudia, hamtazami mtu, anasukuma tu. "Ningeukasirikia ugonjwa mimi? Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Makambako walipata lori la magunia ya unga lililokuwa likienda Njombe. Dereva, Marcelino, alimtambua mgonjwa. Alikuwa mmoja wa wale waliomwita ndama. Hakuuliza lolote. Alishusha magunia manne kando ya hoteli ya Teodora kupata nafasi, akatandika turubai, na akaendesha njia nzima kwa uangalifu, akilikwepa kila shimo, dirisha limefunguliwa ili asikie wakimwita. Yoeli alikaa kwenye magunia, kichwa cha Kefa mapajani mwake. Vumbi liliwageuza weupe wote. Kila Kefa alipofumba macho, baba yake alimpigapiga shavuni kidogo.

"Nisamehe, baba. Nimekuaibisha."

"Nyamaza. Usiongee."

"Mbele ya wazee."

"Kefa, nimesema unyamaze. Wazee gani? Wako wapi wazee hapa?"

*

Siku mbili hospitalini Njombe hawakujua kama atapona. Walimlaza bila mto, wakamtia maji mshipani, na hakuruhusiwa kumeza kitu. Siku ya tatu mganga alimwambia Yoeli kwamba damu imekoma, na kwamba mgonjwa aanze vijiko vya maziwa. Lakini kusafiri sasa, hapana. Wala mwezi huo, wala ujao. Kama chuo kitamsubiri, labda mwakani.

Kefa aligeuza uso ukutani. Yoeli aliketi pembeni ya kitanda muda mrefu, kisha akatoa karatasi aliyoiomba kwa karani wa hospitali.

"Tuandike barua. Wewe utaniambia Kizungu, mimi nitachora."

"Tuwaambie nini, baba? Tuseme nimepata homa?"

"Homa ya nini? Andika unachoumwa. Andika na kwamba ulikuwa huli." Aliilamba ncha ya penseli. "Halafu andika kwamba baba yako anaomba wakupokee tena. Mimi nitaweka sahihi. Jumapili nitawaambia na kanisani, watu wasisikie kwa Fidelia."

Waliandika mpaka mchana, herufi moja moja. Hulda aliwaacha. Alikuwa amekaa nje kwenye kibanda ambako ndugu wa wagonjwa hupikia, mgongo kwenye nguzo, na upepo wa baridi wa Njombe ukiwapeperushia moshi machoni wanawake waliokuwa hapo. Tangu Jumapili alikuwa akipasha maziwa ya wagonjwa wa watu wengine ili mikono isikae bure. Yeye mwenyewe hakukumbuka kula kitu. Hakuwa na njaa, alijisemea. Baadaye kidogo.

Aliposhtuka kutoka usingizini alisikia wanawake wakicheka chini chini. Yoeli alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mawe, mikono ya shati imekunjwa, machozi ya moshi yanamtiririka. Alikuwa ameazima sufuria na mwiko. Aliusonga ugali kwa mikono miwili kama mtu anayechimba shimo la nguzo, unga umemrukia hadi kwenye nyusi. Mwanamke mmoja alisema kwa Kibena kitu kilichowafanya wenzake wajifunike vinywa. Yoeli alisikia. Aliendelea kusonga.

Alipakua kwenye bakuli la bati, akaweka majani ya maboga yaliyochemshwa bila chochote, akaja, akaliweka mapajani mwa mkewe. Kisha akamnawisha mikono, maji yakitoka kwenye kikombe, wanawake wote wakitazama.

"Kula, Mama Kefa."

Hulda alimega. Ulikuwa na madonge, na katikati ya kila donge unga mkavu. Alitafuna, akameza.

"Haujaiva, Baba Kefa."

"Najua."

"Una madonge."

"Nimeyaona."

Yoeli aliketi chini kando yake, akanyoosha miguu ambayo bado ilikuwa na mikwaruzo ya njiani. Hulda alimega tena, akachovya kwenye majani yasiyo na chumvi, akala. Alikula bila haraka mpaka alipolifikia bati la chini la bakuli, akalifuta kwa kidole, na kumwomba mumewe amwongeze.